Riwaya Mkobani: Kutoka Maisaka Hadi Bagamoyo

Nilitoka Maisaka saa kumi alfajiri kwa bodaboda, mkoba mgongoni, kitenge nimejitanda kwa sababu ya baridi. Mlima Kwaraa ulikuwa kivuli kizito juu ya mji. Stendi ya Babati ilishaamka: wapiga debe wanaita, mama wa chai anamimina kutoka kwenye chupa, madereva wanapasha injini moto. Nilikuwa na miaka 34. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya parokia, na bahari sikuwa nimewahi kuiona. Maji makubwa niliyoyajua ni ya Ziwa Babati, ambako viboko hukoroma usiku na wavuvi hutoa perege.

Mkobani mlikuwa na madaftari matatu. Kwa miaka minne nilikuwa nikiandika riwaya ya Kikristo inayosuka nyakati tatu, na kila wakati ulikuwa na daftari lake. La kwanza lilikuwa la mwaka 1874: binti aliyekombolewa utumwani analelewa na masista wa Misheni ya Bagamoyo, na siku moja ya Februari anashuhudia mwili wa David Livingstone ukifikishwa. La pili lilikuwa la miaka ya 1950, nchi ya kwetu, bibi yangu Mwiraqw akijiandaa kubatizwa. La tatu ni la leo, mjukuu anayeishi Maisaka akitafuta maana ya imani aliyorithi. Kilichoziunganisha nyakati hizo kilikuwa rozari ya mbegu nyeusi: binti wa Bagamoyo anapewa, bibi anairithi, mjukuu anaikuta ndani ya sanduku la bati.

Nilijivunia sana ile rozari. Kisha mama mmoja wa kwaya, ambaye nilimsomea sura ya kwanza tukisubiri mazoezi, alinisikiliza hadi mwisho akaniuliza, “Mwanangu, hiyo bahari umeiona wapi?” Sikuwa na jibu. Likizo ilipofika nikavunja kibubu na kukata tiketi.

Barabara ya kutoka Babati kwenda Dodoma ina kilomita 251, na lami yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2018. Wazee wetu wanakumbuka safari ileile ikila siku nzima, na masika siku mbili. Sasa basi lilipita Bonga jua likichomoza, likaacha mashamba ya mbaazi, likaingia nchi ya Warangi. Tulipofika Kolo nilisogea dirishani. Juu ya vilima vile kuna michoro ya miambani ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia: watu warefu wembamba, twiga, pofu, wamechorwa kwa rangi nyekundu na watu ambao majina yao hatuyajui. Na wenyeji bado hupanda huko kufanya matambiko ya kuomba mvua. Nilifungua daftari la tatu nikaandika kwamba mahali pa sala panaweza kuwa pakongwe kuliko sala zote zinazosaliwa hapo. Nikaacha kuandika, maana barabara ilikuwa na kona nyingi.

Njiani nilikuwa na vitabu viwili. Kimoja ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934. Mbotela alizaliwa na kukulia Freretown, kijiji cha waliokombolewa ambacho Wamisionari wa Kianglikana walikianzisha Mombasa miaka ya 1870, na alisimulia yaliyompata baba yake na wenzake tangu kutekwa hadi kuokolewa na manowari ya Waingereza. Ni kitabu kidogo, lakini kwangu ni jiwe la msingi: Mkristo wa Afrika Mashariki anaandika kwa Kiswahili historia ya watu wake mwenyewe. Cha pili ni riwaya ya Petina Gappah wa Zimbabwe, Out of Darkness, Shining Light, ya mwaka 2019. Humo safari ya mwili wa Livingstone haisimuliwi na Mzungu yeyote. Inasimuliwa na Halima, mpishi wa msafara, kisha na Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa na wamisionari huko Nasik, India.

Kisa chenyewe, hata bila kutiwa chumvi, kinamshinda mwandishi. Livingstone alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake wangeweza kumzika, wakagawana vitu na kwenda zao. Badala yake waliutoa moyo na matumbo wakazika chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani wiki mbili, wakauzungushia kitambaa na gome la mti, wakaubeba. Walipofika karibu na Tabora, afisa mmoja Mwingereza aliwashauri wauzike hapohapo. Walikataa. Na kwa kuwa kulikuwa na watu wasiotaka maiti ipite katika nchi yao, waliufunga upya ukafanana na mtumba wa nguo, mzigo kama mizigo mingine ya biashara, wakaendelea kuelekea pwani. Miezi tisa kwa miguu.

Nilikuwa nikisoma hayo basi linaingia Dodoma, vijana wamekimbilia madirishani na zabibu katika vikapu vidogo. Hii ndiyo Ugogo, nchi ambayo misafara iliiogopa kwa uhaba wa maji na kwa hongo ya kila mtemi. Mimi niliikatiza kwa saa chache, chupa ya maji mkononi. Pagazi aliikatiza akiwa na frasila mbili begani, zaidi ya kilo 30, na siku zilizokosa kisima alilala na kiu. Nilijisikia aibu kidogo juu ya sura yangu ya pili, ambamo nilikuwa nimewavusha watu Ugogo kwa sentensi moja.

Gairo, Dumila, Morogoro. Upande wa kaskazini wa Dumila milima ya Nguru ilijitokeza ya bluu. Huko ndiko Mhonda, mahali ambapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua kituo mwaka 1877, miaka tisa tu baada ya Bagamoyo. Hawakwenda peke yao. Familia za Wakristo waliokombolewa na kulelewa Bagamoyo ziliondoka pamoja nao zikajenga vijiji vipya kuzunguka vituo vya bara. Jambo hilo nililijua kutoka vitabuni, lakini nilikuwa sijalipa uzito. Ningelazimika kulirudia kesho yake.

Chalinze niliteremka jioni, nikapanda gari dogo kupitia Msata. Tuliingia Bagamoyo usiku. Dada wa nyumba ya wageni alinionyesha chumba, akanipa ndoo ya maji na chandarua kizima. Nilipozima taa ndipo nilipoisikia. Mwanzoni nilidhani ni upepo katika minazi, kisha nikagundua kwamba upepo una vipumziko na sauti ile haina. Inakuja, inavuta pumzi, inarudi. Nilikaa kitandani gizani nikiisikiliza kwa muda mrefu. Katika riwaya yangu binti anaiona bahari kwanza, yote kwa mpigo, inang'aa. Nikajua palepale kwamba sura hiyo nitaifuta, kwa sababu waliofika kwa mnyororo hawakuchagua saa ya kufika.

Asubuhi nilishuka ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa, wavuvi wanapakua samaki kwenye mashua, watoto wanachimba chaza. Sikulia kama nilivyotarajia. Nilivua viatu nikasimama hadi mawimbi yakanifukia miguu kwa mchanga.

Misheni iko mwendo mfupi kutoka mjini, na kati yake na bahari kuna njia ndefu yenye kivuli cha miembe mizee. Mapadre walifika hapa mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Anton Horner, wakitokea Zanzibar. Kipindupindu kiliwapitia, na Aprili 1872 kimbunga kikubwa kikabomoa karibu kila walichojenga. Mnara wa kanisa lao la kwanza bado umesimama. Kanisa kubwa linalotumika sasa lilimalizika mwaka 1914. Mbele kidogo kuna mbuyu uliopandwa mwaka uleule wa 1868, mnene kiasi kwamba watu kumi wangeshikana mikono kuuzunguka, na kutoka ndani ya gome lake kinachungulia kipande cha mnyororo. Nilipouona moyo ulinipasuka. Nikaandika haraka: mnyororo wa watumwa, mti umeumeza.

Mzee aliyekuwa akiwatembeza wageni alikuja akasimama pembeni yangu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?”

“Babati, mkoa wa Manyara.”

“Karibu sana. Naona unauandika mnyororo. Watu wengi wanadhani ni wa watumwa. Sisi tunasimuliwa kwamba mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, alimfungia hapo punda wake. Mti ukakua, mnyororo ukabaki ndani.”

Nikafuta sentensi yangu. Mzee aliona nimenyong'onyea akacheka kwa upole. “Minyororo ya kweli imo ndani ya makumbusho,” akasema. “Hakuna haja ya kuongeza wa punda.”

Alinipeleka kwenye nyumba ya zamani ya masista, ambayo sasa ndiyo makumbusho. Niliona pingu na picha za watoto waliopangwa mistari mbele ya majengo. Mzee hakupamba. Alinieleza kwamba watoto wengi walinunuliwa sokoni Zanzibar kwa fedha zilizochangwa na waumini wa Ulaya, na kwamba wengine walikabidhiwa baada ya meli za Waingereza kukamata majahazi. Walifundishwa dini, kusoma, useremala, ushoni na kilimo. Kengele iliwaamsha, kengele iliwapeleka shambani, kengele iliwalaza. Walipofikia umri waliozwa, wakapewa kibanda na kipande cha shamba katika kijiji cha Wakristo. “Walikombolewa,” alisema, “lakini usiandike kwamba siku ya kwanza tu walikuwa huru kwenda watakako.”

Nilimwambia juu ya Swema, binti wa Kiyao ambaye kisa chake kilichapishwa Ufaransa mwaka 1870. Alitekwa mtoto, mama yake akafia njiani, yeye akafikishwa Zanzibar akiwa amedhoofu hata akadhaniwa maiti na kuzikwa, kisha akasikika akilia, akafukuliwa na kupelekwa kwa masista. Kisa kinaendelea kusimulia kwamba baadaye aliletwa majeruhi mmoja katika hospitali ya masista, naye Swema akamtambua kuwa ni yule yule aliyewasafirisha utumwani, akashindana na moyo wake hadi akamsamehe. Nilikipenda kisa hicho tangu nilipokisoma mara ya kwanza. Binti wa riwaya yangu, kusema kweli, ni dada yake.

“Swema alisimulia, padre akaandika kwa Kifaransa, wakasoma watu waliokuwa wakitoa sadaka,” mzee alisema. “Maneno yake ni yapi na ya padre ni yapi?”

Hilo ndilo swali lililonifanya nikae. Tulikaa kwenye benchi chini ya mbuyu, nikatoa daftari la kwanza, nikamsomea sura ya ubatizo. Humo binti wa miaka kumi anatoa hotuba ya kurasa mbili juu ya neema na msamaha. Nilipokuwa nikisoma kwa sauti niliisikia sauti yangu mwenyewe, sauti ya mwalimu wa sekondari anayesahihisha insha, ikitoka kinywani mwa mtoto ambaye juzi tu alimpoteza mama. Sikumaliza. Mzee hakusema kitu juu ya hotuba. Aliuliza habari ya rozari.

“Hiyo rozari ilifikaje Babati?”

“Bibi aliirithi.”

“Rozari haitembei, mwalimu. Nani aliibeba?”

Nikabaki nimeduwaa na daftari mapajani. Nyakati zangu tatu nilikuwa nimezifunga kwa kitu, kwa kuwa kitu ni rahisi: ukikitoa karne moja kinatokea nyingine, hakichoki, hakina watoto wa kulisha. Lakini kati ya Bagamoyo ya 1874 na nchi ya Wairaqw ya 1950 kulikuwa na watu. Kulikuwa na zile familia zilizokwenda Mhonda. Kulikuwa na wale waliopanda Kilimanjaro, ambako kituo cha Kilema kilifunguliwa mwaka 1891. Na kulikuwa na makatekista, wanaume waliotembea na katekisimu ndani ya mfuko wa kitambaa kijiji hadi kijiji, wakilala kwa watu, wakifundisha jioni baada ya kazi. Nyumbani tumeambiwa siku zote kwamba katekista aliyemfundisha bibi alitoka upande wa Kilimanjaro. Katika daftari langu la pili hana hata mstari mmoja.

Mchana nilikwenda peke yangu makaburini. Mapadre na masista wamelala kwa safu, misalaba yao ina majina na miaka, na ukitoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa unapata hesabu ndogo ndogo zinazoumiza: vijana waliokuja na homa ikawamaliza kabla hawajazoea jua. Niliwaombea kwa dhati. Kisha nikatafuta jina la msichana kama wangu, sikulipata. Nilirudi kwenye mnara ambako mwili wa Livingstone ulilazwa tarehe 24 Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Waliouleta walilipwa mishahara yao wakaambiwa kwaherini. Jacob Wainwright alipata nafasi ya kusafiri na jeneza hadi Uingereza, akawa miongoni mwa waliolishika siku ya maziko ya Westminster Abbey, Aprili 18. Abdullah Susi na James Chuma, walioongoza safari yote, walifika Uingereza baada ya mazishi kwisha. Na wakati wa safari ile Susi alikuwa Mwislamu. Mwili wa mmisionari mashuhuri kuliko wote wa karne yake ulibebwa na Waislamu, Wakristo na watu wa dini za mababu, bega kwa bega. Riwaya ya Kikristo isiyoweza kulisema hilo waziwazi ina woga.

Jioni mzee alinipitisha Mji Mkongwe. Muadhini alikuwa akiadhini. Alinisimulia habari za Sheikh Ramiya, aliyeletwa hapa mtoto, mtumwa kutoka Manyema, akakulia katika nyumba ya tajiri, akasoma, akawa kiongozi wa tarika ya Qadiriyya anayeheshimiwa pwani nzima hadi alipofariki mwaka 1931. Njia ileile iliyomleta binti wangu ilimleta na yeye. Mmoja aliingia mlango wa misheni, mwingine mlango wa msikiti, na wote wawili walitoka na jina jipya na Mungu wa kumlilia. Nikaona kwamba binti wangu anahitaji kumfahamu kijana wa namna hiyo. Si wa kumbatiza mwisho wa sura. Ni wa kukutana naye kisimani.

Kuhusu jina la mji, wapo wanaosema “bwaga moyo” ni kilio cha mtumwa aliyekata tamaa ya kurudi kwao. Wapo wanaosema ni pumzi ya pagazi aliyefika salama, anaweka mzigo chini na moyo unatulia. Nimeishi na maana ya kwanza tangu shule ya msingi. Niliposimama ufukweni mara ya mwisho niliamua kuziacha zote mbili katika kitabu, kila moja kinywani mwa mwenyewe, maana wote walifika hapa.

Nilirudi Maisaka baada ya siku nne. Kabla ya kufungua daftari nilikwenda jikoni kwa mama, nikaketi kwenye kigoda, nikamsaidia kuchambua mbaazi. Katika daftari la pili nilikuwa nimeandika kwamba asubuhi ya ubatizo bibi alisimama mbele ya ukoo akamkana Looa kwa maneno makubwa. Looa kwa Wairaqw ni Mungu, na ndilo jina la jua. Wazee humtaja kama mama mwenye huruma. Wote walikuwepo katika sura ile: wazee wa slufay, sala ya jadi ya baraka, wakinung'unika, mapadre wakitabasamu. Ilikuwa sura niliyoipenda kuliko zote.

“Mama, siku ile bibi alisema nini?”

“Siku ipi?”

“Ya kubatizwa.”

Mama aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe dogo nje ya mlango. “Hakusema kitu. Bibi yako hakuwa mtu wa kusema. Ila kila asubuhi, hadi anakufa, alikuwa akitoka nje, analitazama jua linavyopanda Kwaraa, kisha anapiga ishara ya msalaba, anaingia kukoka moto.”

“Na yule katekista?”

“Yule alikuwa kilema wa mguu. Alikuja kwa miguu hivyo hivyo, kila Jumatano. Mvua ikinyesha bibi alimwekea maji ya moto ya kuosha matope. Kwani hatujawahi kukwambia?”

Nilimwomba arudie taratibu, nikaenda kuleta kalamu.